Pampu Imeanza Kelele Baada ya Kubadilisha Mabomba

Umetoa mabomba ya chuma yaliyokuwa yakileta maji ya kutu, umeweka PPR nyumba nzima, bafu limepata shawa mpya, na fundi bomba amelipwa na kuondoka na mashine yake ya kuchomelea. Usiku huohuo unafungua maji, na pampu ileile iliyokuwa ikinguruma kwa adabu miaka yote inapiga kelele hadi mtoto anaamka. Unampigia fundi. Atakujibu moja kati ya mambo mawili: "Itazoea, bosi," au "Hiyo pampu imechoka, nunua nyingine." La kwanza si kweli, maana pampu haizoei. La pili linaweza kuwa kweli, lakini lipange mwisho wa foleni.

Pampu yenyewe haikuguswa. Kilichobadilika ni njia ambayo maji hupita kabla ya kuifikia na baada ya kuiacha, na huko ndiko pa kuanzia kutafuta. Ninazungumzia pampu za kawaida za majumbani, kuanzia nusu hospawa hadi hospawa moja na nusu, zinazovuta maji kwenye tangi la chini na kuyapandisha kwenye simtanki la mnarani, au zinazoongeza presha ya maji yanayoingia ndani. Pampu za kuzama za visima virefu zina matatizo yao.

Kabla ya kushika chochote, zima breka ya pampu. Kuizima kwenye swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu swichi iliyofungwa kinyume hukata waya mmoja na kuuacha ule wenye moto. Kama pampu haina waya wa ethi, tengeneza hilo kwanza, kelele baadaye.

Sikiliza ni kelele gani

Simama karibu na pampu, mtu mwingine afungue bomba ndani. Kelele ya mfululizo ya kukwaruza, kama kokoto zinazungushwa ndani ya debe, inatoka upande wa kuvuta. Ikiwa pampu inakoroma, inatulia, inakoroma tena, na maji yanatoka kwa kutema, kuna hewa inaingia. Kishindo kimoja kikubwa kila bomba linapofungwa au pampu inapozima ni maji yaliyosimamishwa ghafla. Pampu inayowaka na kuzima kila baada ya sekunde chache ina tatizo la presha au kuna maji yanavuja. Mvumo unaosikika chumbani kuliko kwenye pampu yenyewe ni mtetemo unaosafiri kwenye bomba na ukuta. Na mlio mwembamba wa juu usiobadilika, ufungue bomba ufunge bomba, hapo ndipo mota inapoanza kushukiwa.

Masikio hudanganya, hasa pampu ikiwa kwenye kibanda cha matofali kinachorudisha sauti. Kwa hiyo thibitisha kwa ndoo.

Fungua unioni ya upande wa kutokea maji, elekeza mdomo wa pampu kwenye ndoo ya lita 20, kisha iwashe. Hesabu sekunde. Ndoo ikijaa kwa sekunde 30, pampu inatoa lita 40 kwa dakika, na kwa pampu nyingi za nyumbani hicho ni kiwango kizuri. Kama kelele imekwisha na ndoo inajaa vizuri, kosa liko mbele, kwenye mabomba yanayoingia nyumbani. Kama kelele iko palepale, rudisha unioni na ufanye jaribio la pili: fungua upande wa kuvuta, funga mpira mfupi mnene usiobonyea, utumbukize kwenye pipa lililojaa maji kando ya pampu, jaza pampu maji kupitia plagi yake, kisha iwashe. Ikinyamaza hapo, una ushahidi wa kumwonyesha fundi: pampu ni nzima, bomba la kuvuta ndilo bovu. Majaribio yote mawili huisha ndani ya saa moja, na yanaweza kukuokolea bei ya pampu mpya.

Tundu limekuwa dogo, na hakuna aliyekuambia

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili hutokea mara nyingi na halionekani kwa macho.

Bomba la chuma la inchi moja lina tundu la karibu milimita 27. Ukienda dukani kuomba PPR ya inchi moja utapewa ya milimita 32, na wote mtaamini mmebadilishana kitu kwa kitu. Lakini zile 32 zinapimwa nje. Kwenye bomba la daraja la PN20 ukuta wake una unene wa milimita 5.4, hivyo tundu linalobaki ni milimita 21.2. Fundi aliyeamua kubana gharama na kuweka ya milimita 25 amekuachia tundu la milimita 16.6 tu. Kwa nje bomba jipya linaonekana nene na imara, na ni imara kweli. Ndani ndiyo maji yanabanwa.

Msuguano wa maji hauongezeki kwa upole. Kwa kiasi kilekile cha maji, kutoka tundu la 27 kwenda 21.2 msuguano hupanda zaidi ya mara tatu, ukienda 16.6 hupanda zaidi ya mara kumi. Kwa ile pampu ya lita 40 kwa dakika, maji yaliyokuwa yakienda mita 1.2 kwa sekunde sasa yanakimbia karibu mita 1.9, au zaidi ya mita 3 kwenye bomba la 25. Upande wa kuvuta, mwendo mzuri ni mita 1 hadi 1.5 kwa sekunde.

Upande wa kusukuma, msuguano huo utakupa shawa dhaifu tu. Upande wa kuvuta ni hatari, kwa kuwa pampu haina mkono wa kushika maji na kuyavuta. Hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma kuja. Hewa hiyo ina uwezo wa kupandisha maji mita 10.3 usawa wa bahari, na ukiwa Mbeya au Nairobi toa karibu mita moja kwa kila mita 900 za mwinuko. Toa pia kina cha tangi, msuguano wa bomba, kila elbo na kila koki. Kinachobaki kikiwa kidogo mno, presha mlangoni mwa pampu hushuka hadi maji yanachemka bila moto. Mapovu ya mvuke huzaliwa, hufika kwenye impela, lile gurudumu linalozunguka ndani ya pampu, ambako presha ni kubwa, na hapo hujifunga ghafla yakipiga chuma. Zile ndizo kokoto ulizosikia. Wahandisi huita kavitesheni, nayo si kelele tu. Ukiiacha, baada ya miezi utakuta impela imetobokatoboka.

Kuna njia rahisi ya kuithibitisha bila kufungua kitu. Pampu ikiwa inafanya kazi, punguza taratibu koki ya upande wa kutokea. Ukipunguza kidogo na kokoto zikapungua, ni kavitesheni: maji yamepungua mwendo, msuguano wa kuvuta umeshuka. Usifunge kabisa. Zile pampu ndogo za impela ya shaba hula umeme mwingi zaidi kadiri unavyozibana, na zitachemka.

Dawa yake ni kubadilisha bomba la kuvuta peke yake, ambalo mara nyingi ni mita chache tu. Weka PPR ya milimita 40, ambayo tundu lake ni 26.6, yaani umerudi palepale ulipokuwa na chuma cha inchi moja, au bomba jeusi la poli lenye tundu linalolingana. Punguza kona. Elbo moja ya bomba dogo ni karibu sawa na kuongeza mita nzima ya bomba, na nimeona pampu iliyowekewa elbo sita ndani ya mita mbili kwa sababu fundi alitaka bomba lifuate ukuta lipendeze.

Kagua na uchomeleaji. PPR huchomelewa kwa joto la nyuzi 260, sekunde 5 kwa bomba la milimita 20, sekunde 7 kwa la 25, sekunde 8 kwa la 32. Fundi mwenye haraka au asiye na saa hushikilia zaidi, kisha husukuma kwa nguvu, na plastiki iliyoyeyuka hujikunja ndani ikatengeneza mdomo unaoziba nusu ya njia. Kwa nje kiungo kinaonekana safi. Ukipata kipande alichokata na kukitupa chenye kiungo, kichungulie. Kitakuambia jinsi vingine vyote vilivyofanywa.

Kiungo kikavu kinaweza kuwa kinavuja

Upande wa kusukuma, kiungo kibovu hudondosha maji na kila mtu anakiona. Upande wa kuvuta, pampu inapofanya kazi, kiungo kibovu hunyonya hewa kuingia ndani na nje hubaki kikavu kabisa. Ndiyo maana fundi atapapasa viungo vyote na kukuapia kuwa viko sawa.

Chukua glasi, jaza maji kwenye bomba lililo karibu na pampu, uyatazame. Yakiwa meupe, angalia yanavyosafika. Weupe ukianza kuondoka chini ukipanda juu, ni mapovu ya hewa yanayoelea. Yakisafika kuanzia juu, ni uchafu unaozama. Siku ya kwanza baada ya kazi hewa kidogo ni jambo la kawaida. Baada ya siku mbili si kawaida tena.

Kutafuta pa kuingilia, washa pampu na umwagie maji kiungo kimoja baada ya kingine upande wa kuvuta, ukianzia mlangoni mwa pampu. Au paka povu zito la sabuni. Ukifika penye tundu, maji yatanyonywa badala ya hewa na mlio utabadilika papo hapo. Anza na pale PPR inapokutana na chuma, kile kiungo chenye tredi ya shaba. Ndicho kinachokosea zaidi, kwa tepu nyeupe iliyofungwa kinyume cha mzunguko ikajikunja yote wakati wa kukaza. Fuata unioni, ambayo mpira wake wa ndani hupotea kirahisi wakati wa kazi, kisha ile plagi ya kujazia maji.

Angalia pia umbo la bomba. Kutoka kwenye tangi linatakiwa lipande kidogo kidogo kuelekea kwenye pampu, bila kuvuka ukuta likashuka tena. Palipo na nundu hewa hujikusanya, na hakuna kukaza kiungo kutakakoiondoa. Futi valvu iliyo chini ya tangi itolewe na isafishwe. Baada ya ujenzi utakuta mchanga, saruji na maganda ya plastiki. Kama tangi liko juu kuliko pampu, futi valvu haihitajiki, na nonritani (valvu inayopitisha maji upande mmoja tu) iliyowekwa hapo "kwa usalama" inaongeza mzigo tu.

Jambo dogo ambalo watu husahau: fungua mfuniko wa tangi pampu ikiwa inafanya kazi. Kelele ikipungua, tangi lilikuwa limefungwa mno, halina pa kuvutia hewa. Weka kitundu chenye wavu wa kuzuia mbu.

Na kama pampu imeunganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mamlaka ya maji, iondoe. Mamlaka haziruhusu, na sababu ya kiufundi inatosha peke yake: siku ya mgawo bomba ni tupu, pampu inavuta hewa na tope, na sili yake inaungua ikizunguka kavu kwa dakika chache.

Vishindo, na pampu inayowaka na kuzima

Kishindo cha maji yaliyosimamishwa ghafla kimechunguzwa tangu zamani. Mrusi Nikolai Zhukovsky alichapisha hesabu zake mwaka 1898, baada ya majaribio kwenye mabomba ya maji ya Moscow. Ndani ya bomba la chuma, kusimamisha ghafla maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde kunaweza kupandisha presha kwa zaidi ya bar 12. Plastiki hutanuka kidogo na hupunguza pigo hilo, kwa hiyo PPR yenyewe si mkosaji. Wakosaji ni wageni waliokuja nayo: koki za mkono mmoja zinazofunga kwa robo mzunguko, mashine ya kufulia ambayo valvu yake hukata maji mara moja, na mabomba yaliyolazwa juu ya dari bila kufungwa. PPR ya milimita 25 inataka klipu kila sentimita 70 hadi 80. Panda darini, mtu afunge koki kwa nguvu, na utaliona bomba likiruka.

Kishindo kikitokea pampu inapozima, ni maji ya mnarani yanarudi chini na kuupiga mlango wa nonritani. Weka nonritani ya springi, ambayo hujifunga kabla maji hayajageuka.

Pampu ya presha inayowaka na kuzima bila mpangilio ina jaribio lake. Funga koki iliyo baada ya pampu na tangi la presha. Ikitulia, kuna maji yanapotea ndani ya nyumba: anza na tangi la choo linalovuja kimyakimya, kisha viungo vipya vilivyofunikwa na vigae, na hapo zungumza na fundi kabla doa halijatokea ukutani. Isipotulia, ni nonritani au tangi la presha. Zima umeme, mwaga maji yote ya tangi, pima upepo wake kwa geji ya matairi. Kama swichi ya presha huwasha kwenye bar 1.4, tangi linatakiwa kuwa na bar 1.2 hivi, yaani upepo 18 kwa lugha ya fundi pancha, na pampu ya baiskeli inatosha kulijaza. Ukibonyeza valvu ya upepo na yakatoka maji, mpira wa ndani umepasuka.

Kelele inayopita ukutani

Shika bomba jipya kwa kiganja, ulibane. Mvumo ukipungua chumbani, umepata. Chuma cha zamani pengine kilipita nje. PPR imechimbiwa ukutani na kufunikwa kwa plasta, na sasa ukuta mzima unavuma.

Fungua unioni pampu ikiwa imezimwa na utazame bomba linafanya nini. Likibaki mahali pake, sawa. Likiruka pembeni hata nusu sentimita, lilikuwa limelazimishwa, na nguvu hiyo inaikunja bodi ya pampu hadi impela inasugua ukuta. Kazi hiyo irudiwe. Usikubali bomba livutwe kwa bolti. Uzito wa mabomba ubebwe na klipu, pampu isiwe nguzo. Weka mpira wa nyavu za chuma wa sentimita 30 hadi 50 upande wa kutokea, na upande wa kuvuta uwe wenye waya wa kuzunguka ndani ili usibonyee. Chini ya miguu ya pampu kata vipande vya tairi chakavu, weka na washa za mpira juu yake, na usikaze bolti hadi mwisho. Ukikaza hivyo, mpira hauna kazi.

Sasa pampu yenyewe

Ukifika hapa na kelele bado ipo, fungua mfuniko wa feni na zungusha shafti kwa mkono, umeme ukiwa umekatwa. Ikikwama kisha ikaachia, kuna kitu kimeingia: kwenye pampu za impela ya shaba nafasi kati ya impela na bodi ni sehemu ndogo ya milimita, na kipande cha tepu au chembe ya mchanga kinatosha. Fungua, safisha, weka chujio kabla ya pampu. Ikizunguka kwa kukwaruza hata ikiwa tupu, beringi zimekwisha. Namba iko ubavuni mwake, mara nyingi 6201 au 6202, na fundi mota atazibadilisha pamoja na sili. Ikivuma bila kuzunguka, izime mara moja, kwani ni kapasita au umeme mdogo. Pima kwenye plagi wakati inajaribu kuwaka: volti 230 zikishuka chini ya 200, tafuta waya mwembamba wa ekstensheni uliowekwa "kwa muda" wakati wa ukarabati.

Ukimwita fundi tena, mpe matokeo badala ya malalamiko: sekunde za ndoo kabla na baada, kiungo gani kilibadilisha mlio, tundu la bomba la kuvuta ni milimita ngapi. Mwombe aweke unioni pande zote mbili kama hakuweka, na asukume maji ya kutosha kusafisha mabomba kabla ya kuunganisha shawa. Kazi ikikamilika, pima ndoo tena, kisha andika ubavuni mwa pampu kwa kalamu isiyofutika: tarehe, sekunde, presha ya kuwasha na ya kuzima.